Colditz: nani alikuwa na muda wa kutoroka?

Ipo picha moja tu ya ile glaida, yani ndege isiyo na injini, iliyojengwa kwa siri na wafungwa wa kasri la Colditz, Ujerumani. Ilipigwa Aprili 1945, darini, juu ya kanisa dogo la kasri, Wamarekani wameshaingia na Vita vya Pili vya Dunia upande wa Ulaya vimebakiza wiki chache viishe. Unaiona ndege imesimama katikati ya nguzo za paa, imevalishwa kitambaa cha drafti kilichotolewa kwenye malazi ya wafungwa, mbao zake zimetoka vitandani na sakafuni, waya za kuongozea ni waya za umeme zilizong'olewa ukutani, na ili kitambaa kikaze wakakipaka uwele uliochemshwa mpaka ukawa uji mzito. Ncha ya bawa hadi ncha ya bawa lingine ni karibu mita 10. Hii kitu ilitengenezwa na mateka wa vita ndani ya gereza lenye walinzi kila kona, na ilikuwa tayari kuruka.

Nimeiangalia hiyo picha mara nyingi sana na kila mara watu wanauliza swali lilelile, waliwezaje? Mimi swali langu limekuwa lingine kwa miaka sasa. Nani kwenye vita ile alikuwa na muda wa kukaa miezi darini anachonga mbao? Na kwanini wale waliomfunga hawakumuua?

Colditz ni mji mdogo tu Saxony, mashariki ya Ujerumani, na kasri lake liko juu ya mwamba, chini unapita mto Mulde. Kabla ya vita lile jengo lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa karibu miaka 100, halafu Hitler alipoingia madarakani 1933 wakafungia humo wakomunisti na wapinzani wengine. Vita ilipoanza likageuzwa kambi ya maofisa waliotekwa, jina lake la kijeshi Oflag IV-C, na kuanzia mwisho wa 1940 wakaanza kuletwa Wapolandi, Waingereza, Wafaransa, Wabelgiji, Waholanzi. Siyo kila ofisa alipelekwa pale. Walipelekwa wale sugu, waliokwisha kujaribu kutoroka kambi nyingine, pamoja na wale ambao Wajerumani waliwaona ni maadui wa kupindukia. Yani walichukua watoro wote bora wa Ulaya wakawaweka nyumba moja, Mfaransa anajua kufungua kufuli, Mholanzi anaongea Kijerumani kama mzaliwa, Mpolandi ameshachimba mahandaki kambi mbili tatu, halafu wakashangaa yaliyotokea.

Na yaliyotokea ni mengi kweli. Wa kwanza kufika nyumbani alikuwa Mfaransa, luteni Alain Le Ray, Aprili 1941. Waholanzi walitengeneza masanamu mawili wakayapa majina Max na Moritz, wakawa wanayasimamisha kwenye mstari wakati wa kuhesabiwa ili aliyetoroka asijulikane mapema. Wafaransa wakachimba handaki la mita 44 wakipita chini ya kanisa, likagunduliwa Januari 1942 wakiwa wamebakiza kidogo tu.

Ila tukio ambalo mimi nikilisoma bado moyo unaenda mbio ni la Airey Neave, Muingereza, na Tony Luteyn, Mholanzi, usiku wa tarehe 5 Januari 1942. Wafungwa walikuwa na ukumbi wao wa maigizo ghorofani, na chini ya jukwaa wakatoboa sakafu mpaka kwenye kijia kinachoelekea jengo la walinzi. Makoti yao yalikuwa makoti ya jeshi la Uholanzi kwasababu rangi yake inakaribiana na ya Kijerumani, vyeo vya mabegani wamekata kwenye linoleamu ya sakafu wakapaka rangi, mikanda na vifuko vya bastola ni vya kubuni. Wakashuka ngazi, wakapita kwa walinzi wenyewe, wakatoka nje kwenye theluji wanapiga stori Kijerumani kama maofisa wawili waliomaliza zamu. Wakatembea mpaka Leisnig, wakapanda treni ya Leipzig, siku chache baadaye wako Uswisi. Neave ndo Muingereza wa kwanza kutoka Colditz akafika kwao. Vita ilipoisha yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwapelekea viongozi wa Nazi hati zao za mashtaka kule Nuremberg, akiwakabidhi mmoja mmoja kwenye vyumba vyao vya mahabusu.

Kwa jumla waliofanikiwa kutoka Colditz wanazungukia 30 hivi, inategemea unahesabuje. Ni ujasiri mkubwa na siwezi kuupunguza hata chembe. Lakini miaka na miaka hadithi hii imesimuliwa kama hadithi ya akili na ujasiri peke yake, na hapo ndipo nakataa, kwasababu kuna kitu kimeachwa nje na hicho kitu ndo kilichobeba kila kitu.

Kitu chenyewe ni karatasi. Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu mateka wa vita, ambao Ujerumani iliusaini na kuuridhia. Ule mkataba ulisema ofisa akitekwa halazimishwi kufanya kazi. Atalipwa posho. Kambi ya maofisa itawekewa askari wa kawaida, nao ni mateka, wa kuwahudumia. Na mfungwa akitoroka akakamatwa tena adhabu yake ni ya kinidhamu tu, kifungo cha peke yake kisichozidi siku 30. Basi. Soma tena hiyo siku 30 halafu rudi kwenye hadithi zote za Colditz utaona zinabadilika sura. Ulikuwa unachimba, unakamatwa, unakaa selo mwezi, unatoka, unachimba tena. Ilifika mahali selo za kasri zikajaa, watu wanasubiri zamu yao ya kwenda kutumikia adhabu, wakawa wanapelekwa mpaka lokapu ya mjini.

Na Wajerumani hawakuwa wanafuata hiyo sheria kwa huruma. Uingereza nayo ilikuwa imeshika maofisa wa Kijerumani, wengi wamepelekwa mpaka Canada, kwahiyo ukimtesa wangu na mimi nitamtesa wako. Sheria iliishi kwasababu kila upande ulikuwa na mtu wake mikononi mwa mwenzake.

Hata huku kwetu Afrika Mashariki sheria hiyohiyo ilifanya kazi, ila upande wa pili. Waitaliano waliotekwa Ethiopia na Somalia walijazwa Kenya, na Januari 1943 watatu kati yao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka Kambi 354 pale Nanyuki, siyo waende kwao maana kwao ni mbali mno, walitoroka wakapande Mlima Kenya. Kamba zao ni za katani, vyuma vya kukanyagia barafu wametengeneza kwa vipande vya chuma walivyookota, na ramani yao kubwa ilikuwa picha ya mlima iliyochorwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Wawili wakafika kilele cha Lenana wakasimika bendera ya Italia, halafu wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wakajisalimisha. Wakapewa siku 28, na mkuu wa kambi akawapunguzia mpaka 7 kwasababu aliona wamefanya jambo la kimichezo. Nchi yenyewe hiyo ni Kenya ya mkoloni, mwaka huohuo kijana wa Kikuyu akikutwa hana kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni anapigwa faini au anafungwa kwa kutembea tu kwenye ardhi ya babu zake. Mzungu adui wa vita anapunguziwa adhabu kwa kupanda mlima, na mlima wenyewe ni Kirinyaga, mlima mtakatifu wa Wakikuyu. Kila nikifika Nanyuki hili haliniishi kichwani.

Turudi Ujerumani. Ukitaka kujua ule mkataba ulikuwa na thamani gani angalia ulipovunjwa. Machi 1944 maofisa 76 wa anga walitoroka kwa handaki kutoka kambi nyingine, Stalag Luft III kule Sagan. Hitler akaghadhibika, Gestapo, polisi wa siri wa Nazi, wakawaua 50. Watatu tu ndo walifika salama. Baada ya pale yakabandikwa matangazo kambini kuwaambia wafungwa kwamba kutoroka siyo mchezo tena, na Colditz kwenyewe Septemba 25 mwaka uleule Michael Sinclair, mtoro waliyemuogopa kuliko wote, akapigwa risasi akikimbia baada ya kuruka uzio. Ndiye pekee aliyeuawa Colditz kwa kutoroka. Mmoja, kwenye kambi ambayo majaribio yake huwezi kuyahesabu kwa vidole. Na Wajerumani wakamzika kwa heshima za kijeshi.

Ile glaida ilijengwa katika hali hiyo, na Bill Goldfinch, Jack Best, Tony Rolt na wenzao, nyuma ya ukuta wa uongo waliousimamisha darini. Walinzi wamezoea kutafuta mahandaki, macho yao yako chini, hawakuwaza kuna mtu anakwenda juu. Kitabu cha kufundisha kuunda ndege wakakikuta maktaba ya gereza hapohapo. Mpango ulikuwa wadondoshe beseni la kuogea lililojazwa zege toka juu ya jengo, uzito wake uivute ndege iruke kutoka kwenye paa mpaka ng'ambo ya mto. Vita ikaisha kabla. Mwaka 2000 ikatengenezwa nyingine inayofanana nayo, ikarushwa Uingereza, ikaruka vizuri tu, na wazee hao watatu walikuwepo wanaangalia.

Sasa mjini, chini ya lile kasri, kipindi hichohicho darini watu wanagundisha kitambaa kwa uji wa uwele, kulikuwa na kiwanda cha vyombo vya udongo. Mwisho wa 1944 kampuni ya silaha ya HASAG ilikichukua, na SS, kikosi cha Nazi kilichosimamia kambi za mateso, wakaleta humo mamia ya wanaume wa Kiyahudi kutoka Hungary, kama tawi la kambi ya mateso ya Buchenwald. Hao walifanyishwa kazi ya kitumwa. Hakukuwa na posho, hakukuwa na vifurushi vya Msalaba Mwekundu, hakukuwa na siku 30. Walidhoofu, wakafa, na waliobaki wakatolewa kwa miguu kabla tu Wamarekani hawajafika. Mji ule ule. Majira yale yale ya baridi. Mtu anatafuta neno Colditz leo anaona glaida, anaona Neave, anaona hoteli ya vijana maana kasri sasa hivi unaweza hata kulala humo, na hawa wa kiwandani inabidi uwachimbe mwenyewe.

Sisemi maofisa walikula raha. Msimu wa baridi wa mwisho, reli zimepigwa mabomu na vifurushi havifiki, walikonda vibaya, na kukaa miaka minne hujui utatoka lini kuna watu iliwaharibu akili kabisa. Nasema mateso yao yalikuwa na sakafu, kuna mahali yalikuwa hayavuki, na mamilioni wengine walikuwa hawana hiyo sakafu. Wanajeshi wa Kisovieti waliotekwa na Wajerumani wanakadiriwa milioni 5.7, na kama milioni 3.3 kati yao walikufa, wengi kwa njaa na baridi kwenye viwanja vya wazi vilivyozungushiwa waya. Kisingizio kilikuwa Moscow haikusaini mkataba wa Geneva. Na maofisa nao, cheo peke yake hakikutosha, maana Wapolandi waliotekwa na upande wa Stalin waliuawa 1940 kwenye mauaji tunayoyajua kama Katyn, karibu watu 22,000, maofisa, polisi, wasomi, wakati wenzao wa jeshi hilohilo waliodakwa na Wajerumani walikuwa wanaimba kwaya ndani ya Colditz.

Hata ndani ya kasri penyewe hawakuwa wote sawa. Kuna wale askari wa kawaida niliowataja, waliowekwa wapike, wafagie, wapige viatu rangi. Mmoja aliitwa Alex Ross, Mskoti, mwanajeshi wa bendi ambaye vitani kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi. Akapewa kumhudumia Douglas Bader, rubani maarufu aliyepoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya 1931 na bado akarusha ndege za vita. Ross alikuwa anambeba Bader mgongoni kumshusha ngazi akaoge, halafu anambeba kumrudisha. Mwaka 1943 ikaja nafasi Ross arudishwe kwao kwasababu alihesabika mtu wa tiba. Bader akakataa. Akamwambia alikuja pale kuwa mtumishi wake na atabaki hivyohivyo. Ross akabaki, miaka miwili mingine, mpaka 1945. Adui alikuwa tayari kumfungulia mlango, aliyemzuia ni mwenzake mwenye nyota begani.

Na Wafaransa nao, baadhi ya maofisa wao walidai wenzao wa Kiyahudi watengwe, wasilale nao, na Wajerumani wakakubali haraka, Wayahudi wale wakapandishwa kukaa chumba chao juu kabisa. Ni maofisa wa Ufaransa, wamevaa yunifomu moja, wametekwa vita moja. Waingereza kadhaa, Neave akiwemo, walichukizwa wakawaalika wale waliotengwa wale nao. Naona vizuri kulitaja hilo maana kuna watu waliona kosa pale pale, siyo sisi tu miaka themanini baadaye.

Kwa Waafrika mambo yalikuwa mabaya zaidi. Juni 1940 wanajeshi weusi wa jeshi la Ufaransa waliojisalimisha kule Chasselay, karibu na Lyon, walitenganishwa na wazungu wao wakapigwa risasi. Waliobaki hai wengi hawakupelekwa hata Ujerumani, Wanazi hawakutaka watu weusi kwenye ardhi yao, wakawaweka kwenye kambi za Ufaransa iliyokaliwa. Léopold Sédar Senghor alikuwa mmoja wa mateka hao, alifungwa Poitiers, baadaye akawa rais wa kwanza wa Senegal. Na kundi la wale waliorudi Dakar wakadai tu posho zao za miaka ya utekwani, tarehe 1 Desemba 1944 wakafyatuliwa risasi kambini Thiaroye na jeshi la Ufaransa lenyewe, lile walilolipigania. Ufaransa ilikubali rasmi kuyaita mauaji ya halaiki mwaka 2024, miaka 80 kamili. Posho ya mateka, ile ile ambayo Colditz ilikuwa haki isiyobishaniwa.

Ndo maana mtu wangu wa Colditz siyo Neave wala Bader. Ni daktari Birendranath Mazumdar, Mhindi, ofisa wa kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, aliyetekwa Ufaransa 1940. Alikuwa Mhindi peke yake mle ndani. Waingereza wenzake walimpa jina la utani Jumbo, jina la tembo, tena tembo wa Afrika, wakawa na wasiwasi naye kwamba labda ni jasusi. Wajerumani wakampeleka Berlin akaonane na Subhas Chandra Bose aliyekuwa anaunda jeshi la Wahindi upande wa Hitler. Mazumdar mwenyewe alitaka uhuru wa India kwa moyo wote, hakuwa na mapenzi na mfalme, lakini alishakula kiapo, akakataa. Akarudishwa Colditz, na wale aliokataa kuwasaliti hawakumuamini zaidi ya hapo.

Akaomba ajiunge na mipango ya kutoroka. Akaambiwa haiwezekani, rangi yake itamuumbua hatua kumi nje ya geti. Akaomba ahamishiwe kambi ya Wahindi wenzake, ikakataliwa. Mwaka 1943 akaacha kula kwa mfano wa Gandhi. Siku zikapita, wiki, karibu wiki mbili, mtu anayeyuka mbele ya macho yao, na hapo ndo hata waliokuwa wakimcheka wakaanza kunyamaza akipita. Wajerumani wakasalimu amri. Wakamhamishia kambi ya Wahindi huko Ufaransa.

Kule akatoroka. Na Mhindi mwenzake wakatembea mamia ya kilomita katikati ya Ufaransa iliyojaa Wajerumani, na ngozi yao ileile waliyoambiwa haiwezi kupita popote, wakila kwa wanakijiji wa Kifaransa waliokuwa wakiwafungulia mlango usiku, wakiwaelekeza njia, wakiwalaza kwenye mabanda ya ng'ombe, mpaka wakavuka mpaka wa Uswisi mwaka 1944.